Jua la Garissa na Mnada wa Umeme: Nafasi ya Mashine Zinazojifunza

Utangulizi

Tarehe 13 Desemba 2019, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua rasmi kituo cha kuzalisha umeme wa jua cha Garissa. Kituo hicho kimeenea katika ardhi ya hekta 85, kina paneli zaidi ya 200,000, na uwezo wake ni megawati 50. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina na kinamilikiwa na shirika la serikali linalosimamia usambazaji wa umeme mashinani na nishati jadidifu, maarufu kama REREC. Wakati wa kuzinduliwa kilisifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika Afrika Mashariki na Kati. Eneo ambalo kwa miaka mingi lilitajwa kwa ukame na uhaba wa huduma likawa limeingia katika orodha ya wazalishaji wa umeme wa taifa.

Hata hivyo, kuzalisha ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Katika nchi kadhaa za dunia umeme huuzwa kila siku kwa mnada, na mara nyingi anayeamua bei ya kutaja katika mnada huo si binadamu bali ni programu ya kompyuta iliyojifunza kutokana na data za siku zilizopita. Kenya bado haijafika hapo, lakini njia inayoelekea huko imekwisha kuanza kutengenezwa. Makala haya yananuia kueleza mnada wa umeme ni nini, mashine hujifunzaje kushiriki katika mnada huo, na ni mambo gani yanayopaswa kutangulizwa kabla ya jua la Garissa kupelekwa sokoni kwa njia hiyo. Hoja kuu ni kwamba mashine haileti haki wala dhuluma kutoka kwake yenyewe. Hujifunza kile ambacho kanuni za soko humlipa mshiriki akifanye.

Umeme wa Garissa unavyouzwa

Kwa muda mrefu mji wa Garissa wenyewe haukuwa katika gridi ya taifa. Ulitegemea mitambo ya dizeli hadi ulipofikiwa na laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma kupitia Mwingi. Miji ya Wajir na Mandera imeendelea kutegemea mitambo ya dizeli iliyojengwa huko huko, ikisaidiwa na paneli za sola zilizoongezwa baadaye. Pamoja na hayo, mteja wa Mandera hulipia uniti moja ya umeme kwa viwango vile vile vinavyotozwa mteja wa Nairobi, kwa kuwa Kenya ina bei moja ya taifa. Kwa hivyo gharama yoyote inayopanda katika gridi humfikia hata mtu ambaye nyaya za gridi hazijamfikia.

Umeme wa kituo cha Garissa hununuliwa na kampuni ya Kenya Power kwa bei iliyokubaliwa katika mkataba wa muda mrefu. Bei hiyo haibadiliki kwa sababu ni adhuhuri au ni jioni, wala kwa sababu mabwawa ya mto Tana yamejaa au yamekauka. Utaratibu huu una manufaa yake. Mwekezaji hujua atakacholipwa, na benki hukubali kumkopesha. Lakini una madhara pia. Kituo cha upepo cha Ziwa Turkana chenye uwezo wa megawati 310 kilikamilika mwaka 2017, ilhali laini ya kusafirisha umeme wake hadi Suswa haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Kwa mujibu wa mkataba, mwekezaji alistahili kulipwa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mteja yeyote.

Malalamiko kuhusu mikataba ya aina hiyo yalichangia kuundwa kwa jopokazi la rais mwaka 2021 ili kuichunguza. Mwaka huo huo Wizara ya Kawi ilitoa sera ya minada ya nishati jadidifu, iliyokusudia kwamba bei ya miradi mikubwa ya jua na upepo itokane na ushindani badala ya kupangwa na serikali. Kabla ya hapo, Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilikuwa imefungua mlango kwa wasambazaji wengine kando na Kenya Power, na mwaka 2024 rasimu ya kanuni za soko la umeme na za matumizi huria ya laini iliwekwa mbele ya umma ili itolewe maoni.

Nje ya mipaka ya Kenya, Muungano wa Umeme wa Afrika Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2005 na wenye makao yake Addis Ababa, umekuwa ukiandaa soko la pamoja. Nyaya za soko hilo zimekwisha kutandikwa kwa sehemu kubwa. Tangu Novemba 2022 Kenya imekuwa ikinunua megawati 200 kutoka Ethiopia kupitia laini ya kilovolti 500 inayofika Suswa, na mnamo Desemba 2024 gridi ya Kenya iliunganishwa na ya Tanzania. Kusini zaidi, Muungano wa Umeme wa Kusini mwa Afrika, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umekuwa ukiendesha mnada wa umeme wa kesho tangu Desemba 2009. Kwa hivyo mnada wa umeme si jambo la Ulaya na Marekani pekee.

Mnada wa umeme huendeshwaje?

Msomaji wa Garissa hahitaji kwenda mbali ili aelewe mnada. Mji huo una mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo katika kanda hii. Katika biashara ya mifugo miongoni mwa Wasomali kuna desturi ya kale ambapo dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa na kutajiana bei kwa kubonyezana vidole, bila ya waliosimama kando kujua ni kiasi gani kilichotajwa. Dau hutolewa kwa siri. Anayetaja bei ya juu mno huondoka na ng'ombe wake, na anayetaja ya chini mno huondoka na majuto.

Mnada wa umeme nao huanza kwa dau la siri. Katika soko la siku moja kabla, kila mzalishaji hutangaza leo kiasi cha umeme atakachotoa katika kila saa ya kesho na bei ya chini kabisa atakayokubali. Msimamizi wa soko huyapanga madau hayo kuanzia la bei ndogo hadi la bei kubwa, kisha huyachukua kwa mpangilio huo mpaka mahitaji ya saa hiyo yatimie. Dau la mwisho kuchukuliwa ndilo linaloweka bei, na katika masoko mengi wazalishaji wote waliochukuliwa hulipwa bei hiyo moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mahitaji ya saa fulani ni megawati 100. Mzalishaji wa sola ana megawati 45 na anaomba shilingi 0 kwa uniti, kwa kuwa jua halinunuliwi. Mzalishaji wa jotoardhi ana megawati 60 na anaomba shilingi 4. Mwenye mtambo wa dizeli ana megawati 40 na anaomba shilingi 20. Sola na jotoardhi vikijumlishwa ni megawati 105, na mahitaji yametimia bila dizeli. Bei ya saa hiyo ni shilingi 4, na hata mwenye sola aliyeomba shilingi 0 hulipwa shilingi 4. Mfano huu ukumbukwe, maana utarejelewa.

Umeme unatofautiana na ng'ombe kwa jambo moja kubwa. Ng'ombe asiyeuzwa leo hurudishwa malishoni na kuletwa tena juma lijalo. Umeme usiotumiwa papo hapo, kama hakuna betri, umepotea. Aidha, kiasi kinachoingia katika gridi lazima kilingane na kinachotoka kila sekunde, la sivyo gridi huyumba na hata kuzimika. Ndiyo sababu mzalishaji anayeahidi megawati 40 na kuleta 30 hutozwa gharama ya kuziba pengo hilo. Kwa mwenye dizeli, kutimiza ahadi ni suala la kufungua mafuta. Kwa mwenye sola, ni suala la wingu ambalo bado halijatanda.

Mashine hujifunza nini?

Istilahi "ujifunzaji wa mashine" hurejelea mbinu za kuiwezesha kompyuta kugundua uhusiano uliomo katika data bila ya mtu kuiandikia kila kanuni. Badala ya mhandisi kuandika kwamba wingu la namna fulani hupunguza umeme kwa kiasi fulani, kompyuta hupewa kumbukumbu za maelfu ya saa: jinsi mawingu yalivyokuwa, joto lilivyokuwa, na umeme uliozalishwa. Kisha hurekebisha vipimo vyake vya ndani kidogo kidogo mpaka makadirio yake yakaribiane na yaliyotokea kweli. Baadhi ya mbinu hizo huitwa mitandao ya nyuroni bandia kwa kuwa zilibuniwa kwa kuiga namna chembe za ubongo zinavyounganishwa.

Hatari ya kwanza ya mbinu hizi inafahamika kwa kila mwanafunzi. Mtahiniwa anayekariri majibu ya mitihani iliyopita huonekana hodari hadi siku anapoletewa swali jipya. Mashine nayo huweza kukariri siku zilizopita badala ya kuelewa mwenendo wake. Kwa sababu hiyo wataalamu hutenga sehemu ya data ambayo mashine haionyeshwi wakati wa kujifunza, ili itumiwe kuipima baadaye. Mashine inayosifiwa kwa data ile ile iliyojifunzia bado haijatahiniwa.

Hatari ya pili ni ya mahali. Paneli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya uwezo wake kwa kila nyuzi 1 ya joto la paneli inayozidi 25. Paneli iliyofikia nyuzi 65 katika kiangazi cha Garissa, basi, imekwisha kupoteza takribani asilimia 16 ya uwezo wake, hata kama mbingu ni nyeupe kabisa. Vumbi huongeza hasara hiyo. Mwaka wa eneo hili pia hufuata mzunguko wake: mvua za masika ambazo Wasomali huziita Gu, mvua za vuli ziitwazo Deyr, na kati yake vipindi vya kiangazi vya Jilaal na Hagaa. Mashine iliyofunzwa kwa data za Ujerumani haiwezi kulijua vumbi la Jilaal. Na hata iliyofunzwa kwa data za Garissa za miaka michache ya ukame itapigwa na bumbuwazi ikikutana na mvua kama zile za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023, zilizosababisha mafuriko makubwa kandokando ya mto Tana.

Licha ya hatari hizo, faida za utabiri zimekwisha kuonekana kwingineko. Mwezi Februari 2019, kampuni za Google na DeepMind zilieleza kwamba zilikuwa zimetumia mtandao wa nyuroni bandia kutabiri uzalishaji wa umeme wa upepo, saa 36 kabla, katika mashamba ya upepo ya Marekani yenye uwezo wa jumla wa megawati 700. Utabiri huo uliwezesha kutolewa kwa ahadi za kila saa siku moja kabla. Kampuni hizo zilikadiria kwamba thamani ya umeme huo ilipanda kwa takribani asilimia 20 ikilinganishwa na hali ya kutotoa ahadi zozote. Upepo haukuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni uhakika, nao uhakika una bei yake sokoni.

Kiasi gani kiahidiwe?

Wengi hudhani kwamba mashine ikishatabiri, kazi imekwisha: mzalishaji aahidi kile kilichotabiriwa. Dhana hiyo si sahihi. Utabiri mzuri hautoi nambari moja tu, bali huonyesha uwezekano wa nambari mbalimbali. Kazi ya mkakati wa mnada ni kuchagua miongoni mwa nambari hizo kwa kuzingatia faida na adhabu.

Tuseme bei ya kesho saa sita mchana ni shilingi 6 kwa uniti. Mzalishaji akileta zaidi ya alichoahidi, ziada hununuliwa kwa shilingi 4. Akileta pungufu, hulazimika kununua upungufu huo kwa shilingi 10. Kwa kila uniti anayofikiria kuiongeza katika ahadi yake, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. Uniti hiyo ikizalishwa, atakuwa ameiuza kwa shilingi 6 badala ya 4, yaani amepata faida ya shilingi 2. Isipozalishwa, atalipwa 6 na kununua kwa 10, yaani amepata hasara ya shilingi 4. Hasara ni mara mbili ya faida. Kwa hivyo uniti hiyo iongezwe tu iwapo uwezekano wa kuzalishwa kwake ni angalau mara 2 katika kila mara 3.

Sasa tuseme mashine imechambua kumbukumbu na kupata siku 9 zinazofanana na kesho. Katika siku hizo, uzalishaji wa saa sita mchana ulikuwa megawati 15, 20, 24, 28, 36, 38, 40, 41 na 43. Wastani wake ni karibu 32, na siku ya katikati ilikuwa na 36. Lakini kiasi kilichofikiwa au kupitwa katika siku 6 kati ya 9, yaani mara 2 katika kila 3, ni megawati 28. Hicho ndicho cha kuahidi. Ukikokotoa mapato ya siku zote 9, ahadi ya megawati 28 huleta wastani wa shilingi 166,000 kwa saa hiyo moja. Ahadi ya 36 huleta takribani shilingi 160,700. Naye mwenye tamaa anayeahidi 43 kwa kuwa aliwahi kuziona hupata takribani shilingi 144,700 tu. Jua ni lile lile na paneli ni zile zile, lakini tofauti kati ya busara na tamaa imezidi shilingi 21,000 kwa saa.

Hesabu hii ni nyepesi kwa saa moja. Kwa saa 24 za kila siku, na bei ambazo nazo lazima zitabiriwe, huwa nzito mno kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Hapo ndipo mashine inapostahili nafasi yake.

Kujifunza kwa tuzo na adhabu

Ipo mbinu nyingine ambayo haianzi kwa utabiri. Mashine huachwa ijaribu madau mbalimbali, na kila mara huhesabiwa tuzo au adhabu kulingana na faida iliyopatikana. Polepole hujua ni dau lipi lifaalo katika hali ipi. Msingi mmoja wa mbinu hii uliwekwa mwaka 1989 na Mwingereza Christopher Watkins katika tasnifu yake ya uzamifu. Kimsingi mashine huweka jedwali: katika hali hii, kitendo hiki kimekuwa na thamani kiasi gani? Kila uzoefu mpya hurekebisha jedwali hilo.

Mbinu hii hufaa hasa pale penye betri, kwa sababu uamuzi wa sasa hubadilisha yanayowezekana baadaye. Matumizi ya umeme nchini Kenya hufikia kilele jioni, watu wanaporejea nyumbani na kuwasha taa, wakati ambapo paneli za Garissa zimekwisha kulala. Betri ingeweza kuubeba umeme wa adhuhuri hadi saa mbili usiku. Je, ijazwe saa nne asubuhi au saa saba mchana? Imwagwe yote jioni au nusu yake ibakizwe? Katika jimbo la South Australia, betri kubwa ya Hornsdale iliyoanza kazi mwishoni mwa mwaka 2017 ikiwa na uwezo wa megawati 100 imekuwa ikiamuliwa maswali kama hayo na programu inayotoa madau yenyewe.

Lakini ni katika mbinu hii pia ambapo hatari kubwa zaidi imejificha. Turudi kwenye mfano wa sola, jotoardhi na dizeli. Tuseme sola na jotoardhi vyote ni mali ya kampuni moja. Ikitangaza ukweli, yaani megawati 45 za sola, bei ni shilingi 4 na kampuni huuza megawati zote 100 zinazohitajika. Mapato yake kwa saa ni shilingi 400,000. Sasa itangaze kwamba ina megawati 30 tu za sola. Jumla yake na jotoardhi ni 90, na megawati 10 zilizobaki lazima zitoke kwa dizeli. Bei inaruka hadi shilingi 20, na kampuni inalipwa bei hiyo kwa megawati zake 90. Mapato ni shilingi 1,800,000. Imeuza kidogo na kulipwa zaidi ya mara nne.

Mashine inayojifunza kwa tuzo haihitaji kuelekezwa kufanya hila hiyo. Ikijaribu mara moja kwa bahati, itaona tuzo na kuirudia. Haijui kwamba imeficha umeme. Inachojua ni kwamba nambari imepanda. Tena hakuna barua wala kikao kitakachomwonyesha mchunguzi kwamba palikuwa na njama. Mwaka 2020, wanauchumi Calvano, Calzolari, Denicolò na Pastorello walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mashine za aina hii, zikishindanishwa katika soko la kuigiza ndani ya kompyuta, zilijifunza kudumisha bei za juu kuliko za ushindani bila ya kuwasiliana wala kuagizwa kushirikiana. Soko hilo halikuwa la umeme, lakini funzo lake linahusu soko lolote lenye washiriki wachache wanaokutana kila siku.

Haifai kudhani kwamba binadamu angekuwa mwema zaidi. Wakati wa janga la umeme la California la mwaka 2000 na 2001, wafanyabiashara wa kampuni ya Enron walitumia hila mbalimbali walizozipa hata majina ya utani, na bei zikapanda kupita kiasi. Tofauti ni kwamba wao waliacha kumbukumbu zilizofichuliwa mwaka 2002. Mashine huacha jedwali la nambari tu.

Mambo ya kutangulizwa

Kutokana na maelezo haya, kuna mambo manne ambayo yanapaswa kutangulia kabla ya mashine kupewa ruhusa ya kutia dau katika kanda hii.

Kwanza, data za uzalishaji na za hali ya hewa za kituo kama cha Garissa, ambacho kilijengwa kwa mkopo wa umma, ziwe wazi kwa vyuo vikuu na watafiti wa nchini. Bila hivyo, anayeweza kutabiri jua la Garissa atakuwa ni kampuni yenye pesa za kuzinunua data hizo, na faida ya uhakika itaelekea huko.

Pili, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, iwe na soko la kuigiza la kwake, ambamo kila kanuni mpya itajaribiwa kwa mashine zilizofunzwa kutafuta mianya. Ni heri mwanya ugunduliwe na mdhibiti kuliko ugunduliwe na muuzaji.

Tatu, mzalishaji abebe lawama ya dau lake hata kama lilitolewa na mashine. Kumbukumbu za madau na za utabiri ulioyazaa zihifadhiwe, ili kituo kilichotangaza megawati 30 huku mbingu ikiahidi 45 kiweze kuulizwa sababu.

Nne, mjadala huu ufanywe kwa lugha inayoeleweka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi ya umma. Lakini rasimu za kanuni za umeme huandikwa kwa Kiingereza kizito, na mkazi wa Modogashe au Ijara anaambiwa atoe maoni juu ya jambo ambalo hakuwahi kuelezwa. Wataalamu wa Kiswahili wana kazi hapa. Maneno kama mnada, dau, dalali, pengo na fidia tayari yanajulikana sokoni. Yakitumiwa kwa uangalifu yanatosha kueleza sehemu kubwa ya elimu hii, na yale machache yanayopungua yanaweza kuundwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mashine zinazojifunza zinaweza kumsaidia mzalishaji wa umeme wa jua kutabiri uzalishaji wake, kuahidi kiasi kinachofaa na kuitumia betri kwa busara. Yameonyesha pia kwamba mashine zizo hizo zinaweza kujifunza kuuficha umeme ili bei ipande, na kwamba gharama ya hila hiyo, kwa sababu ya bei moja ya taifa, ingemfikia hata mwenye duka wa Mandera anayewashiwa taa kwa dizeli. Kituo cha Garissa bado kinauza umeme wake kwa mkataba, na soko la kila siku bado halijabisha hodi mlangoni pake. Huu basi ndio wakati wa kuandika kanuni, kwa maana mashine ikishajifunza kutoka kwa soko bovu, kuisahaulisha ni kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.